Siti haishuki chini ya bomba: kisa cha fremu ya 53

Shangazi alinipigia simu Jumapili jioni. Si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa Kimvita, wa makamo, ambaye Waswahili wa hapa Utrecht wote tunamwita hivyo. "Mwanangu," akasema baada ya salamu, "baiskeli yangu mpya yanitupa. Ijumaa imenitupa mbele za watu."

Mimi ni fundi baiskeli, na kwa ninavyojua baiskeli haimtupi mtu bila sababu. Nilidhani breki ya mbele imekazwa kupita kiasi, au usukani umeachwa umelegea na aliyeifunga kwa haraka. Nikabeba begi la spana na, kwa bahati nzuri, tepu ya cherehani ya mke wangu. Spana sikuzigusa siku ile.

Baiskeli yenyewe nzuri, sina la kuisema. Ya umeme, mota katikati penye pedali, betri imefichwa ndani ya fremu. Fremu imeinama katikati ili mtu apitishe mguu bila kuunyanyua juu, jambo ambalo kwa mvaa buibui si urembo, ni lazima. Mnyororo umefunikwa wote, gurudumu la nyuma lina vizuizi pande mbili, nguo hainaswi. Uzito wake kilo 26 pamoja na betri. Bei ya awali ilikuwa euro 2,399, yeye aliipata kwa 1,799 kwenye duka la mtandaoni, ikaletwa mlangoni ikiwa imeshafungwa kila kitu. Chini kabisa ya bomba la siti kulikuwa na kibandiko kidogo cha saizi ya fremu, kwa sentimita: 53.

Nikamwomba aipande nimwone. Hakuipanda pale ilipokuwa. Aliisukuma hadi kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, akasimama juu ya ukingo, ndipo akakaa. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi akienda kazini kwenye nyumba ya wazee: kwanza anatafuta ukingo. Alipoondoka nikabaki nyuma namtazama kiuno. Kila pedali iliposhuka, nyonga iliifuata, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliye kwenye safu ya lelemama. Hapo nikajua breki haina kosa.

Nikaangalia siti. Ilikuwa chini kabisa. Nguzo yake imezama kwenye bomba la fremu mpaka pete ya juu imegusana na kifungio, hakuna hata milimita ya kuongeza. Nikapima kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile iliyo ndani ya fremu ambayo pedali zote mbili huizungukia, hadi juu ya siti, kwa kufuata bomba: sentimita 66. Kutoka chini hadi juu ya siti, wima: 91.

Kilichobaki kilikuwa kumpima mwenye baiskeli. Kipimo kinachotakiwa ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kinenani hadi kwenye unyayo, na hicho si cha kupimwa na fundi mwanamume. Nilimweleza bintiye, wakaingia ndani. Unasimama peku, mgongo ukutani, miguu imeachana kama shubiri moja. Unapitisha kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukingo wake mmoja ukiwa umegusana wote na ukuta, unakivuta juu kwa nguvu kama vile ndiyo siti umeikalia, si kwa kugusisha tu. Mwenzako anatia alama ya penseli ukutani penye ukingo wa juu wa kitabu. Halafu unarudia, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu huvuta kwa haya. Mara ya kwanza walipata 70. Mara ya pili na ya tatu, 72. Tukachukua 72. Kimo chake chote kilikuwa 163, kama kilivyoandikwa kwenye pasipoti.

Sasa hesabu. Iko kanuni ya zamani inayohusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: zidisha urefu wa mguu wa ndani kwa 0.883, unapata umbali wa kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya siti. Kwa Shangazi ni 63.6. Hicho ni kimo cha siti ya mkimbiaji wa mbio za baiskeli, anayetaka mguu unyooke karibu wote. Mtu wa kwenda kazini na sokoni hukaa raha zaidi akipunguza sentimita moja au mbili. Siti yake, ikiwa imeshushwa hadi mwisho, ilikuwa 66. Kwa hiyo hata angekuwa mkimbiaji, bado baiskeli ilimzidi sentimita mbili na nusu, na hakukuwa na pa kushukia.

Kanuni nyingine, ya kukadiria fremu za mjini na za safari, ni mguu mara 0.66. Yeye anapata 47.5. Aliuziwa 53.

Aliuziwa, au alijiuzia? Hapa ndipo kisa kinaponiuma, kwa sababu nilipoomba anionyeshe ukurasa alikonunulia sikuona udanganyifu. Jedwali la saizi lilikuwepo, wazi kabisa: fremu ya 53, kimo cha mtu 160 hadi 175. Yeye ana 163. Yumo. Saizi ya 49 nayo ilikuwepo ukurasani, ila imefifishwa, imekwisha. Ya 53 ndiyo iliyokuwa na punguzo la euro 600. "Nikasema, mbona nimo ndani ya mstari," akaniambia. Mtu gani asingebonyeza?

Tatizo la jedwali la kimo ni kwamba kimo hakiendeshi baiskeli. Mwanamke mwingine wa sentimita 163 anaweza kuwa na mguu wa ndani wa 77. Mpigie hesabu: 77 mara 0.883 ni 68. Siti ya 66 inamfaa vizuri na inabaki nafasi ya kucheza. Wanawake wawili, kimo kimoja, mmoja fremu ni yake na mwingine inamshinda, na jedwali limewaweka chumba kimoja. Shangazi ni mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu. Akikaa kwenye kiti huwezi kumjua; akisimama ndipo unaona. Tena majedwali haya yametungwa katika nchi ambayo watu wake ni miongoni mwa warefu kuliko wote duniani. Mwanamke wa Kiholanzi kwa wastani ana karibu sentimita 170, mwanamume zaidi ya 180. Saizi za kawaida za baiskeli za mjini huku ni 49, 53, 57, 61. Kwao 49 ni ya mtu mfupi. Kwa wengi wetu ni ya katikati, na ndiyo inayowahi kuisha kwa sababu wanaagiza chache.

Wauzaji huuliza kimo kwa sababu moja tu: kila mtu anakijua chake. Ukimuuliza mteja urefu wa mguu wa ndani ataenda kutafuta kitabu na penseli, na huenda asirudi.

Nilivyokulia Tanga, saizi ya baiskeli hatukuijua kabisa. Kulikuwa na Phoenix ya baba, basi. Ukiwa mdogo unapitisha mguu chini ya bomba la juu, unaendesha umepinda ubavuni kama kaa, na ukikua unakaa juu yake. Mtu ndiye aliyeifuata baiskeli. Lakini ile haikuwa na mota, na ukishindwa uliruka.

Hilo la mota ndilo lililomwangusha Shangazi, na watu wengi hawaliwazii wanapochagua saizi. Alisimama kwenye taa nyekundu. Kwa kuwa siti imemzidi, alikuwa amegusa chini kwa ncha ya kidole cha mguu wa kulia, mwili umelalia upande huo, na mguu wa kushoto ameuacha juu ya pedali. Mota za katikati za aina hii zina kihisi kinachopima nguvu ya mguu: ukikanyaga tu, hata kabla pedali haijazunguka, mota inasaidia. Kwa kuhangaika asipoteze ile ncha ya kidole akaegemea pedali ya kushoto. Baiskeli ikavuta. Breki alikuwa ameiachia. Mota hizi si kubwa, sheria ya Ulaya inaruhusu wati 250 na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa, lakini kwa mtu aliyesimama kwa kidole kimoja hata robo ya nguvu hiyo inatosha. Ilimvuta kama hatua moja, ikalala upande wa kulia, naye nayo. Baiskeli ya kawaida ya kilo 15 ikiinama unaweza kuikamata kwa paja. Kilo 26 ikipita pembe fulani huikamati, unachoweza ni kuchagua pa kuangukia. Alichubuka kiganja na goti. Mpini wa kulia wa usukani ukakwaruzika, na wenzo wa breki pia.

Kwa hiyo kwenye baiskeli ya umeme saizi kubwa kupita kiasi ni kosa zito kuliko kwenye baiskeli ya kawaida. Ndogo kidogo unaweza kuitibu: nguzo ya siti unaipandisha hadi alama ya mwisho iliyochongwa juu yake, shingo ya usukani unaibadilisha au unaiinamisha. Kubwa haitibiki hivyo. Nguzo hupanda, lakini siti haishuki chini ya bomba lake.

Na ile namba 53 yenyewe? Ni urefu wa bomba la siti tu, kutoka ekseli ya pedali hadi juu. Viwanda vingine havipimi hadi mwisho wa bomba, vinapima hadi linapokutana na bomba la juu, kwa hiyo 53 mbili zinaweza kutofautiana sentimita kadhaa. Wengine wanaandika kwa inchi, 18 ikiwa ni kama 46. Wengine wanaandika S, M, L, na hakuna sheria inayolazimisha M ya kiwanda hiki iwe M ya kile. Lakini hata ungekuwa na namba sahihi, bado hujui siti itashuka hadi wapi, maana juu ya bomba kuna nguzo na juu ya nguzo kuna siti. Baiskeli ya Shangazi ilikuja na nguzo yenye springi na siti nene ya kustarehesha. Vitu hivyo viwili peke yake vilikula sentimita 13 hata nguzo ikiwa imezama yote. 53 na 13, ndiyo ile 66 niliyoipima. Starehe aliyoilipia ndiyo iliyompandisha.

Hilo likanipa wazo. Jumatatu nikaja na nguzo ya kawaida kutoka karakana, isiyo na springi, kipenyo kilekile cha milimita 27.2. Siti ikashuka hadi 62. Akapanda, akazunguka mtaa. Nyonga zikatulia, lelemama ikaisha. Bintiye akapiga makofi dirishani. Ningeweza kupokea chai yangu na kuondoka.

Sikupenda, hata hivyo. Kwanza, ile springi hakuichukua kwa anasa. Kazi yake ni kuinua wazee kitandani, mgongo wake si mzima, na nusu ya barabara anazopita zimetandikwa matofali yaliyobonyea. Pili, siti bado ilikuwa 87 kutoka chini. Mguu wa 72 pamoja na kiatu ni 75. Kusimama bila kushuka kwenye siti bado kulimtaka ategemee vidole. Kwenye fremu iliyoinama katikati mtu anaweza kujifunza kusogea mbele ya siti kila anaposimama, na vijana hufanya hivyo bila kufikiri, lakini yeye alijifunza baiskeli akiwa na miaka 40 na kitu, na taa zilizoko njiani mwake ni sita. Tatu, 62 ilikuwa sakafu. Siku akitaka kushusha kidogo, akiwa amechoka au amevaa viatu vyembamba, hakuna.

Nikamwambia airudishe. Hakufurahi. "Baiskeli nimeishaipa jina," akasema. Jina sitalitaja.

Ilikuwa siku ya kumi tangu ipokewe, na hapo alikuwa na bahati. Anayenunua mtandaoni katika nchi za Umoja wa Ulaya ana siku 14 tangu apokee mzigo kusema hautaki, bila kutoa sababu yoyote, kisha siku 14 nyingine za kuurudisha. Muuzaji anarudisha bei pamoja na gharama ya kawaida ya kuleta. Lakini watu wanasikia "bila sababu" wanasahau yanayofuata. Gharama ya kurudisha inaweza kuwa ya mnunuzi, ikiwa aliambiwa hivyo kabla ya kununua; yeye aliambiwa, kwa herufi ndogo. Na haki ni ya kukijaribu kitu kama ambavyo ungekijaribu dukani. Ukikitumia zaidi ya hapo, muuzaji anaruhusiwa kukata thamani iliyopungua. Skrini ya usukani ilionyesha kilomita 38. Hiyo haifutiki kwa kitambaa.

Kurudisha kwenyewe pia si sawa na kurudisha viatu. Betri ya lithiamu ya ukubwa ule inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari, huwezi kuipeleka posta kama kifurushi cha kawaida. Ilibidi gari la muuzaji lije lenyewe, euro 59. Mwaka juzi nilimwona mtu akiihangaisha baiskeli kama hiyo kwenye treni, mikoani huko, kwa sababu hakujua kuwa ni kazi ya muuzaji kumwambia namna ya kurudisha. Kwa Shangazi, lile gari lilipoondoka zilikatwa euro 110 kwa mikwaruzo na matumizi. Jumla 169 zimekwenda. Tepu ya cherehani haifiki euro 3.

Awamu ya pili tulikaa wote watatu mezani, mimi, yeye na bintiye, na hatukuangalia rangi mpaka mwisho. Tuliandikia wauzaji watatu swali moja: kwa fremu hii, pamoja na nguzo na siti zinazokuja nayo, siti ikishushwa hadi mwisho iko sentimita ngapi kutoka chini, na ngapi kutoka ekseli ya pedali? Namba hiyo kwenye majedwali mengi haimo, ingawa mtu aliye na baiskeli mbele yake huipata kwa dakika mbili. Wa kwanza alitujibu kwa kututumia jedwali la kimo. Wa pili alisema mwanamke wa 163 "anaenea bila shida". Wa tatu hakujibu siku mbili, kisha akaleta picha: tepu ya chuma imesimamishwa kando ya gurudumu, kidole cha mtu kimeshikilia penye 82. Kutoka ekseli, 59. Fremu ya 46, magurudumu ya inchi 26 badala ya 28, kwa hiyo baiskeli nzima imekaa chini kidogo. Nguzo ina springi.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja. Mtu mrefu wa kiwiliwili kwenye fremu ndogo anaweza kujikuta magoti yanakaribia mikono, na Shangazi ndivyo alivyo. Kwenye ile ya 53 usukani ulimkaa vizuri sana, nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya asishtuke mapema. Lakini kwenye baiskeli za mtindo huu tofauti ya urefu wa mbele kati ya saizi mbili jirani mara nyingi ni sentimita moja au mbili, na hii ilikuwa na shingo ya usukani inayoinamishwa. Euro 1,949, bila punguzo. Alivuta pumzi, akalipa.

Ililetwa Jumanne. Siti niliiweka 61.5 kutoka ekseli, ikawa kama 84 kutoka chini. Shingo niliisukuma mbele mpaka viwiko vikakunjika kidogo tu anapoushika usukani. Kisha tukafanya mazoezi ya taa, uani, bila taa: nikisema "nyekundu" anabana breki zote mbili, anaweka mguu wa kulia chini, na mguu wa kushoto anautoa kwenye pedali kabisa, mpaka nitakaposema "kijani". Mara ya kwanza aliniangalia kama mtoto aliyerudishwa chekechea. Mara ya nne vidole vyote vitano vya mguu vilikuwa chini, na baiskeli imetulia.

Aliporudi kuniaga aliniuliza kama siti inaweza kupandishwa wikendi, mwanawe anakuja kutoka Rotterdam na ana mita moja na themanini na tano. Nikamwonyesha kifungio, nikamwonyesha na alama ya mwisho kwenye nguzo. Penye 61.5 nikazungusha utepe mwekundu, ili mwanawe akishaondoka, Shangazi ajue siti yake ilikuwa wapi.